Katikati ya mti na katikati ya mkono

Mjomba wangu hakuwa na tepu. Alikuwa na kamba ya katani ndefu kuliko pima moja, aliyoitundika msumarini nyuma ya mlango wa kibanda chake huko bonde la Lukuledi, na hakuna aliyethubutu kuichukua akafungie kuni. Akitaka kuchonga upinde aliishusha, akaishikiza kwenye ncha moja ya mti, akainyoosha mpaka ncha ya pili, akaibana kwa kucha pale mti ulipoishia, kisha akaikunja ikawa nusu. Akairudisha juu ya mti ikiwa imekunjika vilevile, na pale ilipofika akatia alama ya mkaa. Hiyo ndiyo katikati.

Halafu likafuata jambo lililokuwa likinichosha nikiwa na miaka 12. Mjomba aliinuka, akausimamisha mti mbele yake kana kwamba tayari una upote, akaushika kwa mkono wa kushoto, akafumba macho. Ngumi ikapanda kidogo. Ikashuka. Akatulia, akasema "hapa", akanipa mkaa nitie alama ya pili juu ya kidole chake cha shahada. Sikuwahi kuiona alama ya pili ikiangukia juu ya ile ya kwanza, hata kwa upinde mmoja.

Leo ninachonga milango na vitanda hapa Mtama, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikichonga na pinde, chache kwa mwaka, kwa watu wanaopenda kulenga shabaha na kwa watoto wa ndugu. Nimeharibu miti mingi mizuri katika kujifunza. Makala hii nzima inahusu ile nafasi kati ya alama mbili za mjomba, ambayo haizidi wanda moja na nusu, yaani upana wa kidole kimoja na nusu, kwa sababu nimeona ya kutosha kuamini kwamba hapo ndipo upinde unapoamuliwa, kabla tezo haijagusa mti.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila kijiji kina yake. Upande wa upinde unaotazama shabaha nauita mgongo. Unaokutazama wewe mpigaji ni tumbo. Sehemu mbili zinazopinda, moja juu ya mkono na moja chini, naziita mabawa, kama mjomba alivyoziita. Kishikio ni pale kiganja kinapokaa. Hakipindi, na unene wake unateremka taratibu kuelekea kwenye mabawa. Upote ni kamba ya upinde, iwe ya kano, ya ngozi au ya dukani.

Tatizo lenyewe ni hili. Mkono unataka kukaa katikati ya upinde, na mshale nao unataka kupita katikati ya upinde, lakini mshale hupita juu ya ngumi. Hawawezi kukaa wote wawili mahali pamoja. Mmoja lazima asogee, au wasogee wote.

Kiganja cha mtu mzima kinachukua kama sentimita 10 za mti. Ukikiweka katikati kabisa, mabawa yatakuwa sawa kwa urefu, lakini mshale utapita sentimita 5 juu ya katikati. Ukiupa mshale ile katikati, kiganja chote kitashuka chini yake, na bawa la chini litakuwa fupi kuliko la juu kwa sentimita 10 nzima. Wachongaji wengi, wa kwetu na wa mbali, wamechagua njia ya tatu: mshale upite sentimita 2.5 hivi juu ya katikati, ambayo ni karibu na ile wanda moja na nusu ya mjomba. Hesabu utaona uzuri wake. Mshale umepanda sentimita 2.5, na katikati ya kiganja imeshuka sentimita 2.5. Wamegawana. Katikati ya mti imebaki baina yao, na bawa la chini limekuwa fupi kwa sentimita 5 tu.

Mjomba hakunieleza hivyo. Alisema tu mkono unajua. Sababu niliipata miaka mingi baadaye Lindi mjini, kwenye soko la samaki, nikimtazama kijana aliyekuwa anabeba kwa mzega. Tenga la mbele lilikuwa limejaa, la nyuma lilikuwa na samaki wachache. Alipouinua mzega ulimwelemea mbele, akaushusha, akasogeza bega karibu na tenga zito, akainua tena. Ukatulia. Akaondoka kwa ule mwendo wa kudunda wa wabebaji, mti ukipanda na kushuka begani pasipo hata kuushika.

Nilisimama pale mpaka mwenye meza ya samaki akaniuliza kama nanunua. Nilikuwa naona upinde. Upinde uliovutwa ni mzega uliosimamishwa wima: mkono wa kushoto ndio bega, ncha za mabawa ndizo matenga, na mzigo ni nguvu ya kila bawa linalotaka kurudi lilikotoka. Bega likisogea upande mmoja, upande huo mfupi lazima ubebe mzigo mzito zaidi ndipo mti utulie. Basi mkono ukishuka chini ya katikati, bawa la chini lazima livute kwa nguvu kuliko la juu. Lisipofanya hivyo, upinde unainama mkononi wakati unavuta, na ukiachia unakuruka kiganjani na mshale unatoka ukitikisa mkia.

Sasa hesabu kidogo; naomba unifuate, kwa kuwa ndizo zilizonifanya niache kubahatisha. Chukua upinde wa sentimita 170 wenye alama kama za mjomba. Kutoka ukingo wa kishikio, bawa la juu lina sentimita 82.5 na la chini 77.5. Katikati ya kiganja iko sentimita 87.5 kutoka ncha ya juu na 82.5 kutoka ncha ya chini. Mzega unadai bawa la chini liwe na nguvu kuliko la juu kwa sehemu 6 hivi katika 100. Basi. Lakini ubao ulioshikwa upande mmoja na kupindwa upande wa pili huwa mgumu haraka sana unapofupishwa: gawanya 82.5 kwa 77.5, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe kwa lenyewe, utapata 1.2. Maana yake, mabawa yakiwa na unene na upana uleule, la chini litakuwa gumu kuliko la juu kwa sehemu 20 katika 100, kwa sababu ya sentimita 5 tu za urefu. Mzega umeomba 6, ufupi umetoa 20.

Kilichozidi lazima kiondolewe, na hapa ndipo watu wanapoua pinde zao. Ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, ugumu nao unapungua kwa sehemu moja ya kumi. Unene hauna adabu hiyo. Bawa la milimita 16 ukiliondolea milimita 1 urefu wake wote, limepoteza sehemu 18 katika 100 za ugumu wake. Kwa hiyo ile ziada ya bawa la chini katika upinde wetu ni kama theluthi mbili za milimita, karibu na unene wa kadi ya benki. Tezo ikipiga mara moja vibaya imekula zaidi ya hapo. Ndiyo sababu mwisho wa kazi mimi huweka vyuma vyote pembeni na kukwangua kwa kipande cha chupa, kinachotoa vumbi na nyuzi nyembamba kama nywele za mahindi.

Ngoja nieleze upinde nilioua mimi.

Nilikuwa na miaka 17 na nilitaka kumwonyesha mjomba upinde niliouchonga peke yangu kuanzia shinani. Mti ulikuwa mkole, mnyoofu, bila kifundo, sentimita 164. Nilikunja kamba, nikatia alama ya kwanza, nikatia ya pili, nikachonga kishikio kikatulia mkononi vizuri kuliko chochote nilichowahi kuchonga. Kisha, nikiwa nalainisha ncha ya chini, nikaona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umeingia mtini nyanda nne. Ncha za mti nilizokata sikuzipaka chochote, na ncha isiyozibwa hukauka upesi kuliko sehemu nyingine ikapasuka. Siku hizi huzipaka rangi ya mafuta siku ileile ya kukata.

Nikachukua msumeno nikakata zile nyanda nne, sentimita 8. Kishikio sikukigusa kwa kuwa nilikuwa nimeshakipenda. Nilijiambia kwamba bawa la chini hata hivyo hutakiwa kuwa fupi, kwa hiyo likiwa fupi zaidi kidogo hakuna ubaya. Lilikuwa fupi kwa sentimita 13. Nilipotia upote, bawa la juu lilipinda vizuri na la chini likasimama kama mpini wa jembe. Nikaanza kukwangua la chini. Nikakwangua siku mbili. Kila nilipovuta nikaona bado, nikakwangua tena, mpaka kwa macho yakapinda sawa, na jioni ile nikapeleka kwa mjomba.

Mara ya tatu kuuvuta, bawa la chini likakunjika kiwiko shubiri moja kutoka kishikio na kukatika. Kipande kilinipita sikioni. Mjomba aliyaokota mabaki yote mawili bila neno, akayaunganisha chini mchangani kama yalivyokuwa, akaenda kuchukua kamba yake ya katani. Akapima. Akakunja. Akaweka kidole pale katikati ilipofika.

Ilikuwa juu ya mshale.

"Umeona?" akaniambia. "Mshale wako ulikuwa unapita chini ya katikati. Mpwa wangu, uliushika upinde mkiani."

Nikamwambia kulikuwa na ufa, nisingeweza kuuacha.

"Ufa ungeukata. Na juu ungekata vilevile. Ungepata upinde wa mtoto, lakini ungekuwa upinde."

Nimeyarudia maneno yale kwa kila aliyewahi kuja kwangu na mti wenye ufa. Ukikata upande mmoja, katikati imehama, na inahama kwa nusu ya ulichokata. Nilikata sentimita 8. Katikati ikapanda 4. Ilikuwa chini ya mshale kwa 2.5, ikawa juu yake kwa 1.5. Kama kishikio hakijachongwa, kunja kamba upya, anza tena, hujapoteza kitu zaidi ya ule urefu. Kama kimeshachongwa, kata pande zote mbili. Hakuna namna ya tatu ninayoijua, na nimeitafuta.

Urefu wa upinde wote nao una hesabu yake, na hapa mjomba alikuwa na kanuni niliyoidharau kwa muda mrefu. Alisema upinde wa mtu ni pima yake: simama, nyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ndio urefu wa upinde wako. Vitabuni nilikuta kanuni nyingine, kwamba upinde wa mti mtupu usipungue mara mbili ya mvuto, yaani umbali mshale unaorudi nyuma ukivuta hadi shavuni, kisha uongeze sehemu isiyopinda, kisha uongeze kidogo tena kwa ajili ya usalama. Nikafikiri hizi ni kanuni mbili zinazogombana. Baadaye nikajifunza kwamba wapiga mishale hukadiria mvuto wa mtu kwa kugawanya pima yake kwa 2.5. Pima yangu ni sentimita 170, mvuto wangu ni 68. Mara mbili ya mvuto ni 136. Zinabaki 34: kishikio na miteremko yake vinachukua kama 20, na 14 zinazosalia ni za huruma kwa mti usioujua vizuri. Kanuni ya mjomba na ya vitabu ni moja, ila yake haikuhitaji kalamu.

Kwa nini isiwe fupi? Bawa fupi linalolazimika kusafiri umbali uleule linapinda kwa ukali zaidi. Mgongo unanyooshwa, tumbo linabanwa, na mti una kikomo chake. Kabla ya kuvunjika utaona umelala: unautoa upote na mabawa hayarudi kunyooka, yamebaki yameinama kuelekea tumboni. Upinde mfupi pia una tabia ya kuvutika vizuri hadi karibu na shavu, kisha sentimita chache za mwisho zinakuwa nzito ghafla, kana kwamba umegonga ukuta. Ukiwa mrefu kupita kiasi nao unalipa, kwa sababu ncha ndefu zina uzito na nguvu inaishia kuzisukuma zenyewe badala ya mshale. Lakini nikilazimika kukosea, nakosea upande wa urefu. Upinde mrefu unaweza kufupishwa.

Pinde ndefu zina historia kubwa. Meli ya Kiingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaja kuinuliwa 1982, na humo zikapatikana pinde zaidi ya 100 zikiwa nzima, zenye urefu wa kuanzia sentimita 187 hadi 211. Ni ndefu kuliko wanaume wengi waliozivuta. Na ukitaka kuona ule mchezo wa mabawa ukifikishwa mwisho, tazama Wajapani. Upinde wao, yumi, una kawaida ya sentimita 221, na kishikio kiko theluthi moja tu kutoka chini. Maandishi ya Kichina ya karne ya 3 yanawataja watu wa visiwa vile kwamba pinde zao ni fupi chini na ndefu juu, kwa hiyo hawakuanza jana. Wengine husema ni kwa ajili ya kupiga wakiwa juu ya farasi au wamepiga goti. Hilo la goti hunikumbusha Fumo Liyongo, anayesimuliwa kwamba alikufa kisimani amepiga goti, uta mkononi, watu wakakaa siku kadhaa wakiogopa kusogea wakidhani yu hai. Kinachonigusa kwa yumi ni kwamba tofauti ya mabawa si dhambi. Bawa la chini linaweza kuwa nusu ya la juu ikiwa lilichongwa tangu mwanzo kwa urefu huo. Upinde wangu wa mkole haukufa kwa sababu bawa lilikuwa fupi. Ulikufa kwa sababu nililifupisha njiani kisha nikalilazimisha lipinde kama refu.

Kuhusu mti wenyewe nitasema machache. Mimi natumia mkole zaidi, unaoota kando ya shamba letu la mikorosho, kwa hiyo siendi kukata msitu wa mtu. Naukata kiangazi, kusi ikivuma, maji yakiwa machache mtini. Mara kwa mara wageni huniomba upinde wa mpingo, kwa kuwa kusini ni nchi ya mpingo na wamekwisha kuona vinyago vya Kimakonde. Nilichonga mmoja. Ulikuwa mzuri kuutazama kuliko zote, na mshale wake ulikwenda polepole. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na uzito ule ukikaa kwenye ncha za mabawa nguvu yote inaishia kuubeba. Mpingo uachwe kwa wachonga vinyago na wanaotengeneza zumari za Kizungu. Ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa pinde zao hadi leo, nao hawachongi kwa mti wa kupendeza. Wanachonga kwa mti unaonyumbuka.

Na kwa kuwa vijana wananisoma: upinde si kibali cha kuingia porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni kwa anayewinda. Sisi tunapiga viroba vilivyoshindiliwa majani makavu ya migomba, na hilo linatosha kabisa kumfundisha mtu kutulia.

Likizo ya Juni mwaka huu mtoto wa dada yangu, binti wa kidato cha pili, alikuja kukaa nasi. Siku ya pili tu aliniamkia, akasimama mlangoni pa karakana, akatazama juu kwenye kenchi ninakokaushia miti.

"Mjomba, ule mmoja ni wa nani?"

"Ni wa atakayeuchonga."

Tulianza na pima yake. Ilikuwa sentimita 158. Mti ulikuwa na sentimita 166, na ncha ya chini, upande wa shina, ilikuwa na ufa wa nyanda tatu, pamoja na rangi yote niliyoipaka. Nilinyamaza kusudi. Aliuona mwenyewe, akapitisha kucha juu yake, akaniuliza kama tuukate sasa au baadaye. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akafikiri, akasema, "Sasa. Bado hatujaweka katikati." Nilijigeuza nikajifanya natafuta msumeno, kwa kuwa sikutaka anione macho.

Tukakata zote, ufa na kilichozidi, ukabaki 158. Akakunja kamba: 79. Nilimwonyesha namna ya kufumba macho na kuushika mti, akafanya, na mkono wake ukatulia karibu sana na pale hesabu ilipotaka. Kiganja chake kina sentimita 9. Mshale tukaupitisha sentimita 2.5 juu ya katikati, kishikio kikashuka kutoka hapo, bawa la juu likapata 76.5 na la chini 72.5. Aliandika namba zote kwenye jalada la daftari.

"Lakini kwa nini tusiyafanye sawa tu, mjomba? Ningeona kwa macho."

Ni swali zuri na nilimjibu kweli. Inaruhusiwa. Kuna wachongaji hodari wanaofanya mabawa sawa, hasa kwa upinde wa kwanza, kisha wanaliacha la chini gumu kidogo kwa kukwangua la juu zaidi. Mkono unakaa katikati yake, mshale unapanda juu zaidi. Mimi nimevuta za aina zote mbili na ile ya kugawana ndiyo inayotulia mkononi mwangu. Akisha kuchonga chache atachagua mwenyewe.

Kazi ya tezo ilichukua siku tatu. Mgongo hatukuugusa zaidi ya kutoa gamba, maana nyuzi za nje za mti zikikatwa ndizo zinazoanza kunyanyuka na kupasuka. Unene wote unatolewa tumboni. Kisha tukauweka kwenye nguzo yenye kapi, kamba ikapita chini, mmoja anavuta akiwa mbali na mwingine anatazama mabawa yakipinda mbele ya ubao niliouchora mistari ukutani. Hapo ndipo macho yanapofundishwa. Mara ya kwanza aliona mabawa mawili yanapinda. Mara ya kumi akaona la juu limekaza karibu na ncha, kipande cha shubiri moja kisichofanya kazi. Akatia alama ya penseli, akachukua kipande cha chupa, akakwangua pale tu, mikwaruzo ishirini. Akavuta na kuachia taratibu mara thelathini ili mti uzoee, ndipo akatazama tena. Nilimsisitizia hilo: mti hausemi papo hapo kuwa umepunguzwa, unahitaji kuvutwavutwa kwanza, na asiye na subira anakwangua mara mbili pale palipohitaji mara moja.

Kamba ya nailoni ya wavuvi tuliikataa kwa sababu inavutika, na inayovutika inakula nguvu ya upinde. Tulisokota upote wa nyuzi za poliesta, tukaupaka nta. Kipimo kutoka kishikio hadi upote ni kilekile cha mjomba: ngumi moja na dole gumba limesimama juu yake.

Jioni ya mwisho alichukua rula akapima kutoka upote hadi tumboni, pale mabawa yanapoanza, juu na chini. Bawa gumu linapaswa kuwa karibu zaidi na upote, kwa milimita 3 hadi 6. Juu alipata sentimita 14.5. Chini akapata 13.8. Tofauti ya milimita 7. Alinitazama, nami nikamwachia aamue. Akaugeuza upinde, akakwangua bawa la chini mikwaruzo sita, polepole, akihesabu kwa sauti. Akautia upote, akavuta mara thelathini. Akapima.

14.1.

Akaiandika kwenye jalada la daftari chini ya namba nyingine, akaizungushia duara. Jumamosi tunashuka mtoni kutafuta matete ya mishale.